Bendera Iliyong'oa Nanga

Mcheza gofu akikuuliza "Hapa mpaka bendera ni yadi ngapi?", usiharakishe kumjibu. Mara nyingi anachotafuta ni wa kumbebesha lawama mpira utakapoanguka kusikotakiwa. Zamani mzigo huo aliubeba kedi pamoja na mkoba wa fimbo. Siku hizi sayansi imemhurumia kedi. Kuna vipima umbali vya leza, kuna vya GPS vya kushika mkononi, kuna saa, kuna simu, na vyote viko tayari kulaumiwa bila kudai bakhshishi.

Nilipotangaza nyumbani kwamba nataka kununua kimoja, mke wangu alikuwa akichambua mchele.

"Baba watoto, hicho chapima nini?"

"Umbali. Kutoka nilipo mpaka kwenye shimo."

"Kwani ulipo hupajui?"

"Napajua."

"Na shimo hulioni?"

"Naliona. Lina bendera."

Akarudi kwenye mchele wake. Katika mabishano yote niliyoyasikia baadaye juu ya leza na GPS, sijasikia hoja nzito kuliko ukimya ule.

Sisi tunacheza Mombasa, mashimo tisa juu ya mwamba unaotazama mlango wa bahari, pale meli zinapopita kuingia na kutoka Kilindini. Ukikosea upande mmoja umepoteza mpira. Ukikosea upande wa pili umewapelekea samaki. Katika kundi letu kila mtu ana kifaa chake, na kila mwenye kifaa ni mhubiri. Nikaona kabla sijatoa shilingi yangu niazime vya wenzangu, nione vinavyotenda kazi.

Nilianza na leza ya shemeji, aliyoletewa kutoka Dubai ndani ya kipochi kizuri kuliko viatu vyangu. Leza ni kitu cha kustaajabisha, lazima nikiri. Unaiweka jichoni kama darubini, unalenga bendera, unabonyeza. Mwali unakwenda na kurudi, nayo inahesabu muda uliotumika: kwa bendera iliyo yadi 150, safari nzima ya kwenda na kurudi haifiki hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Inakujibu kwa usahihi wa yadi moja hivi. GPS haifiki hapo. Yenyewe hukosea yadi tatu, nne, tano, na inakusemesha kwa uhakika uleule.

Lakini leza inapima ulichokilenga, haipimi ulichokikusudia. Bendera ni kitambaa kidogo juu ya mti mwembamba, na mkono wa mtu aliyetoka kupanda kilima akiwa na kitambi hautulii. Shemeji akainua chombo, akabana jicho.

"Mia hamsini na mbili."

Nikachagua fimbo, nikaanza kupanga miguu.

"Ngoja kwanza. Mia nne na kumi."

"Shemeji, bendera ni moja."

"Mia nne thelathini. Mia nne hamsini! Nakwambia inasogea!"

Kedi wetu, mzee aliyebeba mikoba uwanjani pale tangu baadhi yetu hatujaota ndevu, alikuwa ameegemea mkoba akitazama baharini. Nyuma ya bendera, taratibu kabisa, meli ya makontena ilikuwa ikitoka mlangoni.

"Mkubwa," akamwambia shemeji kwa adabu zote, "hiyo unayoipima inakwenda Salalah. Yetu ni ile yenye kitambaa."

Watengenezaji wanalijua tatizo hili. Leza nyingi za sasa zina mpangilio wa kutafuta kitu kilicho karibu zaidi na kupuuza vilivyo nyuma, na zikikamata bendera hutetema mkononi kukupa habari. Ya shemeji nayo ilitetema. Ilitetema kwa ile meli.

Baada ya leza nikaazima simu ya jirani yangu, ambayo ilikuwa na programu ya bure yenye sauti. Programu za simu ndizo rahisi kuliko zote: simu unayo tayari, GPS imo ndani, ramani unapakua. Ubaya wake ni kwamba simu inabaki kuwa simu. Jirani ni wakala wa forodha, na siku moja mwajiri wake alimpigia tukiwa shimo la nne. Jirani akaipokea kwa uso wa mtu mwenye shughuli, akaeleza kwamba yuko kwenye foleni ya malori getini bandarini, jua kali, anasubiri kontena moja litolewe. Maelezo yalikuwa mazuri. Hata mimi nilianza kulionea huruma lile kontena. Ndipo mwanamke wa ndani ya simu, kwa Kiingereza safi, akatangaza: yadi mia moja thelathini na tano hadi katikati ya grini.

Upande wa pili kimya. Kisha tukasikia, maana simu ilikuwa kwenye spika:

"Leo kusi ni kali. Ongeza fimbo moja."

Mwajiri naye, kumbe, ni mcheza gofu. Jirani aliongeza fimbo moja na mpira ulitua vizuri sana, lakini hajawahi kuusimulia kwa raha.

Basi nikabakiwa na kifaa chenyewe cha GPS, kile kidogo cha mkononi, kisichopokea simu wala kulenga meli. Kabla hujakidharau, zingatia kinachofanyika ili kikupe namba moja. Juu yetu, kilomita kama 20,200 angani, setilaiti za Marekani zinazunguka dunia mara mbili kwa siku, na kifaa lazima kisikie angalau nne ili kijue ulipo. Saa zilizomo ndani ya setilaiti hizo huenda mbio kuliko za huku chini kwa mikrosekunde 38 hivi kila siku, jambo ambalo nadharia za Einstein ndizo zinazolieleza, na zisingerekebishwa, makosa ya mahali yangekua kwa kilomita kama kumi kwa siku. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiichafua makusudi ishara ya raia, hata mtu akaweza kuonyeshwa yuko mita 100 kutoka alipo. Kwa hiyo fizikia ya karne nzima, jeshi zima na bajeti nzima vimehangaika ili mimi niambiwe 140, nami niupige mpira yadi 60, tena kwa upande.

Kifaa hiki hakijui bendera iko wapi. Mtunza uwanja huhamisha shimo juu ya grini, na hakuna anayempelekea habari setilaiti. Kinachojua ni ramani, ndiyo maana hutoa namba tatu: ukingo wa mbele wa grini, katikati, na ukingo wa nyuma. Ukinunua, tazama kwanza kama ramani ya uwanja wako imo, na kama kusasisha ramani ni bure, maana kuna vifaa vinavyouzwa bei nafuu halafu vinakudai ada kila mwaka kama chama cha mazishi. Usitishwe na wingi. Mwaka 2019, R&A, wasimamizi wa gofu walioko St Andrews, walihesabu viwanja 38,864 duniani kote; matangazo ya baadhi ya vifaa yananadi ramani za viwanja zaidi ya 40,000. Hivyo vilivyozidi labda vinachezwa na majini.

Jambo jingine ni hili la kifaa kujibadilishia shimo. Kimeundwa ili ukimaliza shimo la tatu kikuonyeshe la nne bila kuguswa. Kwenye uwanja mpana ni huduma nzuri. Kwenye uwanja wetu wa mashimo tisa, uliobanwa kati ya barabara na bahari, ukitoka njia kidogo kuutafuta mpira kichakani, kifaa kinaamini umeshahama. Nilikiazima cha rafiki mmoja, kikanipa yadi 118 kwa utulivu mkubwa, nami nikapiga mpira bora kabisa wa asubuhi ile. Ulishuka katikati ya grini. Grini ya jirani, ambako wazee wanne walikuwa wameinama wakipima mstari wa shilingi zao. Hawakuumia, ila mmoja alinifundisha maneno ya Kimvita ambayo bibi yangu alinificha.

Halafu kuna upepo. Pwani hatuulizi kama upo, tunauliza ni upi. Kaskazi ya miezi ya Desemba mpaka Machi inakupeleka kama mgeni mheshimiwa. Kusi inayofuata inakurudisha kama mdaiwa. Yadi 140 za Januari na yadi 140 za Julai, kwenye shimo letu linaloelekea baharini, ni nchi mbili tofauti, na kifaa kinaziandika kwa tarakimu zilezile. Vipo vinavyotaka kusaidia, vinavyokadiria mwinuko wa ardhi na kukupa umbali uliorekebishwa. Hapo sheria inakukamata. Tangu 2019 kanuni za gofu zinaruhusu kupima umbali, isipokuwa mashindano yakikataza. Mwinuko na upepo haviruhusiwi kupimwa kwa chombo. Kwa hiyo kifaa chenye uwezo huo, bora uuzime kabla ya mashindano. Ukisahau ukautumia, ni adhabu ya mapigo mawili kwa mara ya kwanza na kufukuzwa kwa mara ya pili, na mfumaniaji wako atakuwa yuleyule aliyekiazima kifaa hicho wiki iliyopita.

Kile cha kuazima nilikipeleka Nairobi pia, kwenye mwaliko. Kikaniambia 150, nikachukua fimbo yangu ya 150, nikaipiga kama mwenye uwanja. Mpira ulipita juu ya grini, ukapita na njia ya waendao kwa miguu, ukaingia kwenye maua. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huongeza yadi kumi hivi katika 150 bila kuombwa. Kedi wa huko, kijana, alinitazama kwa upole.

"Umetoka Coast, mzee?"

"Umejuaje?"

"Mipira yenu ikifika huku hushangaa hewa."

Sasa, kifaa kilikosea wapi? Hakuna. Siku zote kimesema kweli, na tatizo la kweli yake ni kwamba ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni umbali ninaoupiga mimi, na huo haumo kwenye ramani yoyote. Muulize mwanamume yeyote kwenye baraza la klabu kwa fimbo ya chuma saba anapiga yadi ngapi. Atakwambia 160. Alizipiga kweli, mwaka fulani, kaskazi ikivuma, njia imekauka, mpira ukagonga jiwe. Tangu hapo kila akisimama kwenye 160 anatoa saba, na kila mara mpira unafia kwenye shimo la mchanga mbele ya grini, naye anakitikisa kifaa kama redio iliyoishiwa betri.

Ndiyo maana nilinunua cha bei ya chini, chenye namba tatu na skrini inayosomeka juani, kisicho na rangi, sauti wala ushauri. Skrini ya juani ni jambo kubwa kwetu. Nimeona vifaa vyenye picha za kupendeza ambazo saa sita mchana Mombasa ni kioo cha kujitazamia jasho. Betri nayo ihimili raundi mbili, kwa sababu mashimo tisa huchezwa mara mbili na kifaa kikizima kwenye la kumi na tatu utabaki na nambari za nusu mchezo na hasira za mchezo mzima. Nikajiwekea kanuni moja: naangalia namba ya nyuma ya grini tu, ya mbele siitazami. Sisi wachezaji wa kawaida karibu siku zote tunapungukiwa, hatupitilizi, na namba ya nyuma ndiyo pekee inayoukaribia ukweli wa umri wangu.

Kedi alikikagua siku ya kwanza, akakigeuza nyuma na mbele, akaulizia bei, akaguna. Raundi iliyofuata akapendekeza akibebe yeye, kisije kikadondoka nikiinama. Nikakubali, kwa kuwa mfuko wangu ulikuwa umejaa mipira. Tukafika kwenye shimo la baharini, kusi ikipeperusha kofia za watu. Akakichungulia kifaa mkononi mwake, akautazama mbuyu ulio kando, akatazama mawimbi, akanipa chuma tano.

"Ni yadi ngapi?" nikamuuliza.

"Piga tano, mkubwa."

"Ndiyo, lakini kifaa kinasema ngapi?"

Akakitia mfukoni mwake, akafunga kifungo.

"Hizo za yadi ni zangu. Zako ni tano."