Ombi la Kuhesabiwa Mgeni

Barua ya wazi kwa Wakuu wa Jiji la Dar es Salaam

Waheshimiwa,

Mimi fundi cherehani, mwenye cherehani 4 na vijana 5 wanaokula kwa jasho la cherehani hizo, katika chumba cha ghorofa ya pili kisicho mbali na Mtaa wa Kongo, naja mbele yenu kuomba jambo ambalo halitaigharimu hazina ya jiji hata senti moja: naomba, kuanzia leo, nihesabiwe mgeni.

Siombi hivyo kwa kuichukia asili yangu. Nimezaliwa Kariakoo, mtaa ulioachiwa jina na wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na huenda ndiko ilikotoka dhana kwamba mkazi wa hapa kaumbwa kubeba. Mwezi Februari 2021 Ilala yetu ililala manispaa ikaamka jiji, nami nikaamka nayo, nikavaa kanzu safi, nikingoja kuona jiji jipya litawatendeaje waajiri wake wa zamani. Nililolibaini ni kwamba jiji lina macho mawili yasiyotazama upande mmoja: lile la mbali, lenye nuru ya ajabu, humwona mwekezaji angali hewani, lile la karibu lina mtoto wa jicho, na likimwangalia mwenyeji halimwoni ila mahali pamoja, mfukoni.

Mgeni akifika hutandikiwa zulia, huletewa chai na korosho, kisha huulizwa swali tamu kuliko yote katika lugha yetu: tukusaidie nini? Mwenyeji naye hakosi wageni, maana hutembelewa na wa leseni, na wa taka, na wa zimamoto, na wa ushuru wa huduma, ambao hukokotolewa juu ya mauzo wala si juu ya faida, hata mwaka wa hasara nao ukapata heshima ya kutozwa. Na kila mmoja wa hawa huuliza swali lake, lakini si lile.

Sitakanusha kuwa sheria imetukumbuka. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 ilimshushia mwananchi kima cha mtaji wa kustahili vivutio kutoka dola 100,000 za Marekani hadi 50,000, ilhali mgeni akabaki na 500,000 zake, nayo ni hisani isiyopasa kubezwa. Nilikaa nikapiga hesabu: cherehani zote 4, pasi 2, meza ya kukatia, na mimi mwenyewe nikipimwa kwa kilo, hatufiki. Nikaigeukia ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata, nikakuta ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mimi ni mwanamume, nina miaka 61, na viungo vyangu, alhamdulillahi, vizima. Nimekosa sifa zote kwa mpigo mmoja.

Wala sina ugomvi na mgeni, maana namjua wa zamani. Mwaka 1968 pale Ubungo kilifunguliwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, na mgeni yule alikuja na mitambo ya kusokota na kufuma, akawaachia vijana wetu ufundi, na khanga na vitenge vyake vikashuka hadi Kariakoo, ambako mikasi yetu ilivingojea. Leo, mwendo mfupi kutoka kiwanda hicho, palipokuwa stendi ya mabasi ya mikoani kabla haijahamia Mbezi Luis mwaka 2021, umesimama mji mzima wa biashara wa mwekezaji kutoka China, wenye maduka yapatayo 2,000. Shati likishuka pale limekwisha shonwa, limekwisha pigwa pasi, limekwisha tiwa hata kifungo cha akiba. Mgeni wa kwanza alileta mtambo wa kutengenezea, wa pili kaleta meza ya kuuzia, na wote wawili tumewaita kwa jina moja la uwekezaji. Ilhali hapo Gerezani mtu anayekata vyuma chakavu akavigeuza mageti na majiko hana jina lolote, kwa kuwa kibanda chake hakina lango la kukatia utepe.

Huenda mtasema fundi huyu angefika ofisini akaeleza. Walakini jicho la karibu husoma maandishi ya aina moja tu, nayo ni mlango uliofungwa. Mwezi Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalipofungwa kwa sababu ya usajili wa stoo na kamatakamata ya kodi, hapo ndipo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipokuja Mnazi Mmoja kuwasikiliza wafanyabiashara. Na Juni 2024 milango ikafungwa tena. Mimi sina mlango wa kufunga ukaonekana. Ghorofa ya pili nikifunga, watadhani nimekwenda kuswali.

Hapa, waheshimiwa, ndipo ombi langu linapokwama, nami sitaficha. Mwezi Julai 2025 ilitangazwa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo za jumla na rejareja, kutengeneza simu, saluni, na kumiliki viwanda vidogo. Tuliipigia makofi hadi sindano zikatudondoka, kisha tulipoinama kuziokota tukakumbuka kuwa kumfungia jirani mlango si kunifungulia mimi wangu: umeme wangu bado ni ule ule, pango langu ni lile lile. Fauka ya hayo, nikihesabiwa mgeni leo, kesho nitakatazwa kushona. Nimekesha nikilitafakari hilo, na suluhu niliyoipata ni nihesabiwe mgeni asubuhi, wakati chai yenu ingali moto, na baada ya adhuhuri nirudishiwe uraia nikamalize sare za watoto wa shule.

Ikiwa hata hilo ni zito, basi naomba dogo kuliko yote. Kila apokewapo mwekezaji, wapokeaji huvikwa fulana na kofia za rangi moja, na mara nyingi nimegeuza kola nikasoma kuwa zimeshonwa nchi za mbali. Za mapokezi yajayo nipeni mimi. Leteni vipimo Jumatatu, Ijumaa jioni zitakuwa zimekunjwa mezani, na risiti nitatoa.

Wenu mtiifu,
Fundi wa ghorofa ya pili,
Kariakoo