Tarifu Ndogo, Michango Mikubwa

Nyumbani kwetu dawa ya meno haiishi, inastaafishwa. Kwanza inakamuliwa kwa vidole, kama kwa watu wengine. Ikigoma, inaviringishwa kuanzia mkiani na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Ikigoma tena, mama mkwe wangu anachukua mkasi, anaikata katikati, na vipande viwili vinasimamishwa kwenye kikombe, kila mtu achovye mswaki wake na kukwangua. Kipande cha kichwani ndicho chenye neema, maana pale penye mabega, chini ya kifuniko, huwa pamebaki dawa ya siku kadhaa. Wanangu wanalijua hilo. Wanaamka alfajiri kugombea kichwa. Katika nyumba nyingine wazazi wanabembeleza watoto wapige mswaki. Kwetu tunaamua ugomvi.

Mama alikuja kumsaidia mwanawe uzazi wa mtoto wa pili, na mtoto huyo sasa yuko darasa la tatu. Sisemi katoka mkoa gani. Nitasema tu kwamba alishuka kwenye basi na kapu la tangawizi, wenye watani wao watamalizia wenyewe.

Hata kule kushuka kwenyewe kulikuwa na lake. Mama ni mtu wa kubip. Bando zimeshuka bei, vijana wanaongea mpaka simu zinapata moto, yeye bado anahesabu kwamba simu ikipokewa ni hasara kwa pande zote mbili. Ana kanuni zake: bip moja nimefika, bip mbili nipigie, bip tatu kuna msiba. Enzi hizo mabasi ya mikoani yalikuwa bado yanaishia Ubungo. Jioni ikaingia bip moja. Tukamshukuru Mungu, mama kafika salama, tukakaa tukisubiri zile bip mbili ili tumuulize yuko upande gani wa stendi. Yeye huko anajua kabisa kwamba mkwe mwenye akili timamu, akisikia mama kafika, anainuka. Isitoshe, bip mbili zingetulazimu kupiga, na hakutaka kutuingiza gharama. Akakalia kapu lake mpaka taa zikawaka. Mwisho alikuja na teksi, na teksi nikailipa mimi.

"Niliwaonea huruma salio lenu, baba," aliniambia mlangoni.

Sasa utamjibu nini mama mkwe? Mke unaweza kubishana naye ukanuna ukalala. Mama mkwe unamwamkia.

Tuje kwenye umeme, maana hapo ndipo serikali na mama mkwe wangu wanapoelewana. Kwa wasiojua, mtumiaji mdogo wa nyumbani akibaki ndani ya uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na makato. Akizidisha, zile zilizozidi ni 350. Ukinunua kwa lugha ya dukani, elfu moja ya tarifu ndogo inakupa uniti 8.2, wakati mwenzako wa tarifu kubwa, asiye na nafuu hii, anapata 2.8 na kuondoka akitukana kimoyomoyo. Mama alipoelezwa hesabu hii na mjukuu wake, macho yalimng'aa. Tangu siku hiyo yeye ndiye mlinzi wa uniti 75. Kile kidude cha kuingizia tokeni kimehamia chumbani kwake. Asubuhi anatoka nacho, anatusomea kabla ya salamu: "Jana mmekula mbili nukta moja. Nani alikuwa anachaji usiku?"

Kitu kimoja tu kilimshinda, kodi ya jengo. Ilipoanza kukatwa kwenye luku mwaka 2021, shilingi 1,000 kila mwezi, alifikiri ni wizi wa vijana wa mtandaoni. Mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Hoja yake mpaka leo ni kwamba sisi tunawasha taa, hatuwashi kuta.

Ili kulinda hizo uniti, pasi ya umeme ilipigwa marufuku, ikafufuliwa pasi ya mkaa. Ni ile ya chuma yenye jogoo mbele: unamgeuza jogoo pembeni, unafunua mfuniko, unamimina makaa yaliyobaki baada ya kupika maharage, unamrudisha jogoo zamuni. Hakuna kinachopotea, maharage yameiva na shati linanyooka kwa moto uleule. Tatizo ni kwamba pasi hiyo ina matundu ubavuni ya kuingiza hewa, na ikianza kupoa lazima uipepee au uipulize. Mama anapuliza. Siku moja asubuhi, nikiwa na kikao na watu wakubwa, alipuliza mara moja kwa nguvu, cheche ikaruka, ikatua juu ya mfuko wa shati langu jeupe la pekee lenye heshima. Tundu lilikuwa la ukubwa wa punje ya choroko. Mama aliliangalia, akaenda kuleta kalamu, akaichomeka mfukoni ikaziba tundu. "Tena umependeza, unaonekana msomi." Kikao kizima sikuthubutu kuandika neno, maana ningechomoa kalamu wangeniona kifua. Mwenyekiti akanisifu kwa kusikiliza vizuri.

Maji nayo yana utawala wake. Mtaani kwetu bomba linatoka kwa ratiba, na ratiba yenyewe haina ratiba, kwa hiyo maji yakishaingia ndani hayatoki mpaka yamefanya kazi zote. Ndoo zimepangwa ukutani kwa vyeo. Yaliyosuuzia nguo mara ya mwisho yanapanda kuwa ya kufulia nguo za kushindia. Yakitoka hapo yanadeki. Yakishadeki yanastahili choo. Wenyeji tunazijua kwa sura. Mgeni hazijui, na mgeni wetu mmoja alikuwa binamu yangu kutoka Mwanza, mtu aliyekulia ufukweni mwa ziwa, ambaye kwake maji ni maji.

Alioga, akatoka amejifunga taulo, uso umechangamka. Mezani akatuambia Dar ina baraka zake, hata maji ya kuoga yananukia maua. Kila mtu akainamia sahani. Yalikuwa maji ya kusuuzia mashuka, yenye ile dawa ya kulainisha nguo, na mama alikuwa ameyatengea kazi nyingine tatu mbele. Tungenyamaza yakaisha hapo, ila ndugu yangu ni mtu wa shukrani: akaongeza kwamba asiwe na wasiwasi mtu, chooni ameacha pasafi, amemwagia ile ndoo nzima ya kwenye korido, yenye mfuniko.

Mama akaweka kijiko chini taratibu.

"Ile ya kunywa?" aliuliza. "Niliichemsha kwa mkaa."

Binamu yangu aliondoka kesho yake, akasema ana haraka.

Na kuna ile habari ya mifuko ya plastiki, ambayo nitaipitia mbio kwa sababu za kisheria. Rambo zilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, adhabu ya kukutwa nazo ilitangazwa kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au siku zisizozidi saba ndani. Watu wakasalimisha. Chini ya godoro la mama mkwe wangu zilikuwepo zilizokunjwa pembetatu pembetatu, za maduka yaliyokwishafungwa miaka mingi, akiba ya maisha. Nilipomwomba azitoe alinijibu kwamba yeye hazitumii, anazihifadhi. Kwa muda fulani nyumba yangu ilikuwa na bidhaa haramu nyingi kuliko bandari bubu, na kila nilipoona gari la serikali mtaani nilijikuta namwamkia dereva.

Baada ya yote hayo mtu angedhani tumeshajenga ghorofa. Hatujajenga hata uzio. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, mara nyingi nikiwa nakwangua dawa ya meno, na jibu nililolipata halimpendezi mtu nyumbani: ubahili wetu ni wa gizani. Unafanya kazi pale tu ambapo hakuna anayetuona. Dawa ya meno haina mashahidi, ndoo hazina mashahidi. Akitokea shahidi mmoja tu, hasa akiwa na kadi ya mchango mkononi, tunageuka matajiri.

Mwaka jana alioa mtoto wa jirani yetu wa zamani aliyehamia Morogoro. Tukaingizwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa. Kadi single 50,000, double 100,000. Mimi nikasema, kwa sauti ya chini ya mtu anayejua haki yake, kwamba single inatosha, aende mke wangu. Mama, yule yule ambaye wiki ile alikuwa ameunganisha vipande vya sabuni vitano kuwa kimoja chenye rangi ya bendera, akanitazama kwa masikitiko.

"Jina letu lisomwe single mbele za watu? Andika double, baba."

Ikaandikwa double, na ya kutolea juu. Halafu ikaja sare. Kitenge cha akina mama wa upande wetu kilikuwa cha rangi ambayo haiwezi kuvaliwa popote tena duniani, na kilitakiwa kishonwe kwa fundi mmoja maalumu. Halafu zawadi. Halafu nauli. Hakuna aliyeuliza hizo ni uniti ngapi. Nilipiga hesabu ndani ya basi: kadi peke yake, kwa tarifu ndogo, ni uniti 820. Tungeweza kuacha taa ya sebuleni inawaka mpaka mjukuu aoe.

Ukumbini, nikiri, mama alijitahidi kurudisha chetu. Mkoba wake mkubwa ulikuwa umetiwa ndani kopo la aiskrimu, na kila sahani iliyopita karibu yake ilipungua. Pilau, mapaja ya kuku, chupa za maji, hata vile vijiti vya meno. Aliwashauri na wenzake wa meza moja wasiache kitu, ni mali yetu hii, tumeichangia.

Tulirudi Dar Jumapili usiku. Kwenye geti letu alikuwa amesimama mwenyekiti wa serikali ya mtaa na majirani wawili, kofia wamevua.

"Poleni sana," alisema mwenyekiti. "Majirani wamesikia harufu tangu jana. Nani amefariki?"

Mke wangu akamtazama mama yake. Mama akatazama mkoba. Ndipo ikajulikana kwamba Ijumaa, sisi tukiwa tumeshatangulia barabarani, mama alirudi ndani mara moja, akasema amesahau leso, akazima swichi kubwa ya nyumba nzima. Hatupo, nani anawashiwa? Kwenye friji kulikuwa na samaki wa elfu thelathini niliowabeba mwenyewe kutoka Feri.

"Changu," nikamjibu mwenyekiti.

"Wako wa nani, ndugu yangu? Mtoto?"

Ilichukua muda kuwaelewesha. Walipoelewa walirudisha kofia kichwani, wakaondoka bila kuaga. Friji lile, hata tukisema katika siku zile lingekula uniti nne, kwa bei yetu ni chini ya shilingi 500. Nililisema hili nikiwa nimepiga magoti mbele ya friji usiku wa manane, pua nimeziba kwa kanga ya mke wangu, nasugua kwa sabuni, ndimu na majivu. Harufu ilikuwa imeingia hadi kwenye ule mpira wa mlango, kwenye mikunjo yake, ambako mkono hauingii. Mke wangu alikuwa anachimba mikunjo hiyo kwa vijiti vya meno vya harusini.

Mama alikuwa sebuleni na kile kidude cha tokeni. Alikisogeza karibu na macho, akakisogeza mbali.

"Haijasogea hata uniti moja," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Simu yangu ikatetemeka. Kundi jipya, nimeongezwa na namba nisiyoijua: kamati ya send-off ya binti wa mtu aliyewahi kufanya kazi ofisi moja na mke wangu. Nikasoma kwa sauti, mikono ikiwa na povu, nikitumaini kwamba usiku huu, kwa hali hii, mbele ya friji hili, nitahurumiwa.

"Andika double, baba," mama akajibu kutoka sebuleni. "Na hayo maji ya sabuni usiyamwage. Ni ya choo hayo."