Mshale wa Kwanza na Pipa la Jirani

Upinde wenyewe haukunipa taabu. Ni wa mbao, umenizidi kimo kidogo, hauna magurudumu wala darubini, na nilipoushika ulinikaa kama nimezaliwa nao. Mimi Mnyaturu wa Singida, bwana. Hata hapa Michigan damu haipotei. Ilikuwa Agosti, na msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde hufunguliwa Oktoba 1. Kilichobaki ni mishale tu, na mshale ni nini kama si kijiti chenye ncha?

Dukani nikakuta ukuta mzima wa vijiti, kila kimoja na namba yake: 300, 400, 500, 600. Nikawaza, mimi mgeni wa mambo haya, nianze na laini. Namba ndogo, bila shaka, kama viatu vya mtoto. Kijana wa duka akaniuliza upinde wangu una ratili ngapi. Nikamjibu, "Za kutosha," nikabeba dazeni ya 300, yenye mabawa ya plastiki ya rangi ya machungwa.

Jumamosi nikaliweka robota la nyasi nyuma ya nyumba, nikavuta, nikaachia. Mshale ukakata kushoto kama mtu aliyemwona anayemdai, ukazama kwenye pipa la taka la jirani. Wa pili ukamfuata mwenzake. Mke wangu alikuwa dirishani.

"Baba watoto, hilo linaliwa?"

Nikampigia mjomba wangu huko nyumbani, kwao jioni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Upinde wako unavuta uzito gani?"

"Sijaupima."

Akacheka mpaka nikamsikia shangazi akiuliza kuna nini. "Yaani umemshonea kanzu mtu hujamwona!"

Akanieleza. Mshale ukiachiwa hauendi kama fimbo. Hujipinda, ukaupita ubao wa upinde kwa kiuno, kisha ukajinyoosha njiani, kama samaki majini. Ukiwa mkakamavu mno haujipindi. Unajisugua kwenye ubao na kutupwa kando, na kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, kando hiyo ni kushoto. Kushoto kwangu ndiko kwenye pipa.

Nikarudi dukani na adabu zangu. Kumbe kwenye mishale ya kaboni namba ndogo ndiyo ngumu zaidi! Ile ya mbao hupimwa kwa ratili, na huko namba kubwa ndiyo ngumu. Aliyepanga hivi hakututakia mema. Upinde wangu umeandikwa ratili 45 ukivutwa inchi 28, ila mikono yangu inaishia inchi 26, kwa hiyo ninavuta kama 40 hivi. Nikapewa mishale ya mwerezi wa Oregon inayolingana na nguvu hizo, yenye manyoya ya bata mzinga. Manyoya hulala yakigusa ubao. Plastiki hugonga na kuusukuma mshale.

Wa kwanza ukaingia katikati ya robota. Nikapiga vigelegele peke yangu, halafu nikaona damu. Upinde wangu hauna kituo cha mshale, hivyo mshale unakaa juu ya kidole, na kishina cha unyoya ambacho hakikulainishwa kilikuwa kimenichana kikipita.

Jirani nimemnunulia pipa jipya. Hesabu ya mawindo mpaka leo: pipa moja, kidole kimoja. Kulungu wa Michigan wako buheri wa afya.