Sifa za Matoleo Yasiyosikilizana

Katika kazi zote za uandishi wa programu, hakuna inayotukanwa bila haki kama utunzaji wa vifurushi, yaani kuhakikisha kwamba msimbo ulioandikwa ili wengine wautumie unaendelea kufanya kazi katika kila toleo la lugha yake. Wengi huiita adha, ilhali ndiyo neema pekee inayomlazimisha mwandishi wa programu asome tena alichokiandika, jambo ambalo kwa hiari yake halifanyi kamwe. Ushahidi ulio bora ni wa lugha ya Python, ambayo tarehe 3 Desemba 2008 ilitoa toleo la 3.0 lililokataa kwa makusudi kusikilizana na lile la 2.

Amri ya print, ambayo huonyesha maandishi kwenye skrini na ambayo kila mwanagenzi huanza nayo, iliandikwa bila mabano katika toleo la 2, lakini katika la 3 mabano yakawa sharti. Tatu ikigawanywa kwa mbili, toleo la 2 lilijibu moja na kuitupa nusu kimyakimya, huku la 3 likijibu 1.5, hata mtunzaji aliyetaka kuziridhisha pande zote akajaliwa kuwa na hesabu mbili zilizo sahihi.

Hayo ni madogo. Toleo la 2 lilichanganya maandishi na baiti, yaani vipande vya tarakimu ambamo kompyuta huhifadhi kila kitu, na kwa Kiswahili, kinachoandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama, kasoro hiyo ilijificha vizuri mno, mpaka mhariri mpenda urembo aandike ng’ombe kwa ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka. Hapo, katika mfumo wa UTF-8, neno la alama saba lilihesabiwa kuwa na urefu wa tisa, kwa kuwa ritifaa hiyo pekee hukalia baiti tatu. Toleo la 3 lilimbana mtunzaji aseme kila mara kama alichoshika ni maandishi au ni baiti. Bila usumbufu huo, ng’ombe huyo angechungwa miaka mingi bila mtu kugundua kwamba ana mikia miwili ya ziada.

Adha hiyo ilizaa hata ucheshi: kifurushi kilichoziba tofauti za matoleo hayo kiliitwa six, kwa sababu mbili mara tatu ni sita. Kustaafu kwa toleo la 2.7 kulipangwa kuwe 2015, kisha kukasogezwa hadi 2020, na waliopewa miaka mitano ya kujiandaa wengi wao waliitumia kama wadeni wote waitumiavyo nyongeza ya muda.

Wala neema haikukoma hapo. Lilipotoka toleo la 3.10, Oktoba 2021, programu zilizolinganisha namba za matoleo kana kwamba ni maneno ziliamua kuwa ni kongwe kuliko la 3.9, kwa kuwa 1 hutangulia 9. Mwaka 2023 toleo la 3.12 likaiondoa distutils, zana ya kufungashia vifurushi vyenyewe, na vilivyoiegemea vikakwama mahali ambapo mbadala wake haukuwapo. Watunzaji waliokwisha kutangaza kwamba kazi yao imekamilika wakayafungua tena mafaili waliyoyasahau, na humo wakakuta hitilafu za zamani zisizohusiana hata kidogo na toleo jipya.