Ndege Zinapita, Sisi Tuko Segera

Anayetaka kujua adhabu ya kuishi Korogwe asiulize habari za joto wala mbu. Anunue tiketi ya ndege. Hapo ndipo atakapogundua kwamba kutoka Manundu hadi Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro ni karibu kilomita 300, na kutoka hapo hapo Manundu hadi Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni karibu kilomita 300 nyingine. Waliopanga mambo haya walipima vizuri sana. Waliweka viwanja viwili vikubwa, wakatafuta mahali palipo mbali na vyote kwa usawa bila upendeleo, wakatuacha hapo. Handeni hali ni ile ile, ila wameongezewa kilomita 65 za lami ili kufika kwetu kwanza.

Balaa langu mimi ni nyumba kuwa karibu na stendi. Ukoo wa upande wa mama, Wazigua wa Handeni, wameshakubaliana bila kikao kwamba yeyote mwenye tiketi ya ndege analala kwangu. Anashuka jioni na begi, na kiroba, na kuku, anakula, kisha ananikabidhi karatasi ya tiketi niisome kwa kuwa mimi ndiye mwenye miwani. Wananiita Bwana Eapoti. Mshahara sipewi.

Kazi yenyewe ni ya hesabu. Tuchukue mtu anakwenda Muscat, ndege yake inaondoka Dar es Salaam saa tisa alasiri. Anatakiwa awe uwanjani saa tatu kabla, yaani saa sita mchana. Lakini basi la mkoani halimfikishi uwanjani. Tangu mwaka 2021 basi linaishia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na kutoka Mbezi hadi uwanjani kuna foleni ambayo hata mwenyeji wa Dar haitolei ahadi. Mpe saa mbili. Halafu kuna barabara yenyewe kutoka Korogwe: Segera, Kabuku, Mkata, Chalinze, kila kijiji kina kibao cha hamsini, na nyuma ya mti fulani amesimama askari na tochi yake. Ndani ya basi kuna kile kifaa kinachopiga kelele dereva akizidisha mwendo, na abiria nao wanapiga kelele asipozidisha. Ukijumlisha yote, msafiri wa saa tisa alasiri anatoka kwangu saa kumi usiku. Na kama ni wa Handeni, basi safari yake ilianza jana. Ndege yenyewe inafika Muscat kwa saa tano na nusu hivi. Yaani kwenda Oman ni karibu kuliko kwenda kwenye ndege ya Oman.

Afadhali sasa. Kabla mabasi ya usiku hayajaruhusiwa tena, Oktoba 2023, mtu alilazimika kwenda siku moja mbele na kulala kwa ndugu Dar es Salaam, na ndugu wa Dar tunawajua. Ukimwambia nakuja kulala usiku mmoja, anakuuliza kama umeshakula.

Tusikufuru lakini, maana Tanga mjini kiwanja kipo. Kutoka Korogwe ni kilomita 90 hivi, na mtu wa mkoa huu akikisikia kinasemwa vibaya na mtu wa mkoa mwingine, anakitetea. Akiwa peke yake na ndugu zake analalamika. Njia yake ya kurukia ni kilomita moja na ushei, wakati ya Kilimanjaro ni mita 3,600, kwa hiyo midege mikubwa tunaiona angani tu. Zinazotua ni Caravan, vindege vya injini moja vinavyobeba watu kumi na kidogo, vikienda Dar, Unguja na Pemba.

Kiwanja hicho kina historia ya kujivunia kuliko sura yake. Mwaka 1929 huko Nairobi mwanamke mmoja, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways, huyo ambaye Uwanja wa Wilson wa Nairobi unabeba jina lake hadi leo. Katika miaka ya 1930 ndege zake zilikuwa zikipita pwani na mifuko ya barua: Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam. Vita Kuu ya Pili ikaizima, na mwaka 1946 likazaliwa shirika la East African Airways, ambalo Dakota zake nazo zilitua Tanga.

Swali ni kwa nini Tanga, mji ambao leo ukitaja ndege watu wanakuuliza ipi. Jibu limejaa mashamba ya Ngombezi na Magoma: mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta kutoka Florida mwaka 1893, ikapona miche 62 tu, na kutokana na hiyo 62 ikafunikwa nchi yote hii unayoiona ukiwa dirishani kwenye basi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na hakuna nchi duniani iliyotufikia. Penye fedha za namna hiyo ndege hutua. Mabwana wa mashamba walipanda ndege, babu zetu manamba walipanda mkonge, na kila mmoja alirudi nyumbani amechoka kwa namna yake. Baadaye kamba za nailoni zikaingia, bei ya mkonge ikaporomoka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na shirika lake la ndege likafa, na sisi tukaanzisha letu, Air Tanzania, mwaka huo huo. Jumuiya imeshafufuka siku nyingi. Dakota hazijarudi.

Sasa nimwambie msomaji habari za mama mkubwa.

Mama mkubwa anakaa Kideleko, Handeni, na alikuwa na harusi ya mjukuu Pemba. Watoto wake wakachanga, wakasema mama asipande boti, atatapika, apande ndege Tanga. Wazo zuri. Nani amsindikize? Bwana Eapoti. Alifika kwangu na unga wa mahindi aliosagisha mwenyewe, kwa sababu ana imani kwamba Wapemba hawana unga wa maana, na kuku wawili ambao niliwazuia kwa nguvu wakabaki kwangu. Tulipofika Tanga, begi na unga vikawekwa kwenye mzani, kilo kumi na tano zikapita, unga nusu ukanibakia mimi mkononi. Halafu kijana wa kampuni akasema kwa adabu zote:

“Shikamoo mama. Naomba upande kwenye mzani.”

“Marahaba mwanangu. Mzigo si huo ulishapima?”

“Mzigo tayari, mama. Sasa wewe.”

Mama mkubwa akanigeukia. “Baba, unaniuza?”

Nikaanza darasa pale pale, watu nyuma wakisubiri. Nikamweleza kwamba kwenye kindege kama kile rubani anajumlisha watu, mizigo na mafuta, kwa sababu njia ni fupi na ndege ikiwa nzito inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Nikamweleza kwamba joto la mchana linaifanya hewa iwe nyepesi, ndege inapata shida kuishika. Nikamweleza kwamba hata viti vinapangwa kwa uzito, mkia usije ukalemewa. Alisikiliza yote, ameukunja uso.

“Mwambie apunguze mafuta,” akasema.

Kijana akacheka, akasema ni kweli, wakati mwingine hufanya hivyo. Mama mkubwa akaniangalia kama kwamba miwani yangu haina kazi. Alivua viatu, akanipa pochi, akafungua fundo la kanga akatoa simu na funguo za nyumba, akapanda akiwa ameziba pumzi. Kijana aliandika bila kutamka, Mungu ambariki, lakini mzee wa nyuma yetu alichungulia na akaguna. Aliguna vibaya. Wakaanza kusutana pale, na kwa bahati mbaya au nzuri hesabu ya viti ilimtoa yule mzee akawekwa nyuma kabisa, mama mkubwa akapelekwa mbele, ubavuni kwa rubani.

Nilisimama kwenye uzio nikaitazama inakwenda mwisho wa njia, inageuka kuukabili upepo, inapiga kelele, inakimbia, imeinuka. Nikaenda stendi kutafuta gari la Korogwe. Coaster ilikuwa na abiria wanne na dereva alikuwa anakula. Bado inajaza, mama mkubwa akapiga simu: ameshafika Pemba, ameshakula halua, rubani ni kijana mzuri lakini hajaoa. “Na wewe umefika, baba?”

Ndiyo maana nikasema na sisi tujengewe. Nimelisema hili kwenye baraza la kahawa na sababu ninayo. Uwanja wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971, na ukiutazama ulipo, uko porini upande wa Hai, si Arusha si Moshi. Miji miwili iligombea heshima, wakauweka katikati ili wote wasumbuke sawa. Mwaka 1998 ukakabidhiwa kampuni ya KADCO, baadaye serikali ikazinunua hisa zote, na muda wote huo hakuna aliyethubutu kuusogeza hatua moja upande wa Arusha wala wa Moshi. Kwa kanuni hiyo hiyo, uwanja wa Handeni na Korogwe ungekaa Sindeni, katikati ya barabara yetu. Kahawa haikuisha kabla ugomvi haujaanza. Wazigua walisema jina liwe lao kwa kuwa ardhi ni yao. Mgosi mmoja kutoka Bumbuli akasema Wazigua wakipewa uwanja watafugia mbuzi. Mbondei aliyekuwa kimya muda wote akauliza abiria wa kwenda Muheza watashukia wapi. Hadi naondoka walikuwa hawajafikia suala la nani atalipa.

Na msidhani ndege hazijawahi kuwa na haja na nchi yetu. Juni 1916 jeshi la Jenerali Smuts lilipoichukua Korogwe na kisha Handeni, juu yake ziliruka B.E.2c za kikosi namba 26, ndege za mbao na turubai, zikiwatafuta Wajerumani vichakani. Wajerumani nao walikuwa wameshatandika kireli cha vitoroli kutoka Mombo hadi Handeni, kinachosukumwa na watu. Fikiria: Handeni ilikuwa na reli na ndege juu yake katika mwaka mmoja, na mwaka huo ndio ambao watu wake hawakutaka kwenda popote, walitaka kujificha tu.

Siku hizi tumepata mgeni mwingine, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, kilomita 1,443, ambalo njia yake inapita Handeni na Korogwe. Ni bomba la kupashwa moto njia nzima, kwa sababu mafuta yale yakipoa yanaganda. Kwa hiyo mafuta yamepangiwa kupita chini ya miguu yetu, yakiwa yamefunikwa vizuri yasipate baridi, ndege zinapita juu ya vichwa vyetu, na sisi katikati tunasubiri Coaster ijae. Hata wanyama wa Saadani wana kiwanja cha watalii kuja kuwatazama. Twiga hajawahi kuulizwa ana kilo ngapi.

Juzi mpwa wangu wa Muscat alipiga simu kwamba anakuja likizo na kilo zake 46, na anauliza uwanja wetu wa karibu ni upi. Nilitaka kumpa elimu yote hii lakini salio ni lake. Nikamwambia atue popote apendapo, apande basi, ashuke Segera penye machungwa, tutakuja kumchukua na bajaji. Alikasirika. Amefanya kazi Uarabuni miaka yote, anataka kupokewa kama watu wengine, ukoo umesimama mlangoni na mashada. Baada ya kelele nyingi imeamuliwa atatua Dar, tukodi Noah, na kila mmoja ajilipie kiti chake.

Noah ni ya watu saba, waliojiandikisha wamefika kumi na wanne, na hakuna aliyetoa hata shilingi. Kiti cha mbele kimeshachukuliwa. Mama mkubwa ametuma ujumbe kutoka Kideleko kwamba asikipange mtu mwingine, yeye amezoea kukaa na rubani.