Nauli Yangu, Kitabu cha Wote

Nasikia huko Ulaya mtu anapanda treni, anakaa, anafungua kitabu, na jirani yake anajifanya hamwoni mpaka kila mmoja ashuke kituoni kwake. Hongera zao. Mimi nakaa Marangu, kibarua changu kiko Moshi mjini, na katikati ya hapo kuna Hiace ambayo siti ya watu watatu inakaliwa na wanne, na huyo wa nne lazima awe amepakata jogoo.

Humo ndani nimeamua kuwa msomaji. Sasa nalalamika, na naomba nisikatizwe.

Ukishika kitabu tu kwenye gari, unapandishwa cheo bila barua. "Mwalimu, banana hapo." "Mchungaji, mpakate huyo mtoto." Mimi ni karani wa stoo. Lakini konda wetu ameshakata shauri kwamba mtu mzima hawezi kufungua kitabu bila kulipwa, kwa hiyo ama nina darasa ama nina kanisa. Wanafunzi, wale waliosimama mlangoni na nauli yao ya nusu, wananitazama kwa huruma. Wanaamini narudia mtihani.

Halafu hakuna kusoma peke yako. Nilikuwa na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akatuletea kwa Kiswahili mwaka 2022. Inamhusu Yusuf, mtoto anayechukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake. Kufika Himo, mama aliyekaa kulia kwangu alikuwa ameshaweka kidole kwenye ukurasa. "Subiri usifunue, sijamaliza." Nikasubiri. Tulipofika kwenye habari ya deni akakunja uso. "Alikuwa anadaiwa kiasi gani?" Nikamwambia bado sijafika huko. "Na riba?" Huyu anauza mitumba Kiboriloni, Nobel haimtishi. Akahukumu kwamba baba mtu ni mzembe, angekuwa na kikundi cha vikoba yasingemkuta hayo. Nilipomdokeza kwamba mbele kuna habari za mji ulio chini ya mlima wenye theluji, uso ukachanua. "Wameitaja Mwika?" Hawakuitaja Mwika. Akarudi kwenye simu yake, nami nikapata amani mpaka stendi.

Kilichonitoa jasho hasa ni Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, cha Petro Itosi Marealle, Mangi, yaani chifu, wa Marangu, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1947. Ningekuwa nakisoma Mbagala, ningekisoma kwa raha zangu. Lakini kufungua kitabu cha mila za Wachagga ndani ya gari lililojaa Wachagga ni kuitisha mkutano wa hadhara. Mzee wa Mamba aliyekaa nyuma yangu alisoma mistari michache juu ya bega langu akatangaza: "Sivyo." Wa Rombo akasema hata hilo "sivyo" la Mamba silo. Mimi sikuwa nimefungua mdomo. Nilikuwa nimeshika kitabu tu. Mlima ni mmoja, ila kila bonde lina Kichagga chake, lina namna yake ya kugawa nyama ya mbuzi, na lina wazee wake wenye uhakika kwamba bonde la pili wamepotoka.

Jioni moja, tukitoka stendi, pembeni yangu akakaa meku, yaani mzee, wa Old Moshi. Akauliza kitabu ni cha nani. Nikamwambia ni cha Marealle. Akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama humo wamemwandika Mangi Meli. Kwa msiotoka huku: Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani mwezi Machi 1900 pamoja na wenzake, na familia yake imehangaika miaka mingi kutafuta kichwa chake huko Ujerumani. Wako wazee wa Old Moshi ambao hadi leo wanaamini fitina zilizompeleka kwenye kamba zilitoka Marangu. Nikajitetea kwamba kitabu ni cha mila, si cha vita. "Ahaa," akasema meku, "nilijua tu hapo ataruka." Yamepita miaka zaidi ya mia na ishirini, na karani wa stoo ndiye aliyetakiwa kutoa majibu kabla ya Kiboriloni! Aliposhuka hakuniaga.

Mpwa wangu akanionea huruma. "Anko, vitabu siku hizi vinasikilizwa. Vaa hedifoni, funga macho, hakuna atakayekusumbua." Yeye anakaa Dar es Salaam, hawajui watu wa gari letu.

Shida ilianzia kwenye bidhaa yenyewe. Nilizunguka mjini nikiulizia riwaya ya Kiswahili ya kusikiliza. Muuzaji mmoja alinipa Agano Jipya la sauti, akaniongezea na mahubiri. Mwingine akaniuliza kwa upole macho yameanza lini kunisumbua. Vya Kiingereza vimejaa mtandaoni, vinasomwa na waigizaji wenye sauti za kifalme, lakini bei ni ya dola na malipo ni ya kadi, na kadi niliyonayo mimi ni ya kliniki. Nikaangukia kwenye simulizi za YouTube. Huko kila hadithi inaanza usiku, mvua inanyesha, na kuna mtu amevaa koti jeusi. Msimulizi ananong'ona, nyuma yake muziki wa kutisha, na risasi ya kwanza ikilia tu anasimamisha kila kitu ili akuombe ubonyeze kengele.

Na hedifoni, kwa taarifa ya mpwa wangu, hazimzuii mtu. Kijana wa pembeni alinigusa bega, akanyoosha kiganja: anataka upande mmoja. Simjui, hanijui. Nikampa, tukaenda vichwa vimeungana kama ng'ombe wa plau. Suka akatuona kwenye kioo. Flashi yake ya muziki ilikuwa imekufa tangu asubuhi. "Mwalimu, unganisha Bluetooth na sisi tufaidi."

Nikaunganisha. Nakiri, na sipendi kukiri mambo mazuri, kwamba sijawahi kuliona gari lile limetulia vile. Konda alisahau kudai nauli mpaka Uchira. Jogoo mwenyewe alinyamaza. Suka, ambaye ni mtu mzima, akaanza kutukumbusha enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, Pwagu na Pwaguzi, na mchezo wa Twende na Wakati ulioanza mwaka 1993, uliokuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo mpaka UKIMWI ukamwondoa. "Yule alituharibia jina madereva wote," akasema, na hasira yake ilikuwa mbichi kabisa.

Tumeipita Himo, tunapandisha. Kwenye simulizi, jasusi kafungwa kwenye kiti, bomu limebakiza sekunde, bando likaisha.

Kelele zilizopigwa humo ndani sijazisikia hata timu ikifungwa. Papo hapo wakachanga. Mia mbili mbili zikapita mkono kwa mkono, mama wa Kiboriloni akatoa daftari akaandika nani ametoa na nani ameahidi. Konda aliahidi. Nikanunua bando, tukaendelea, na kabla hata kamba za jasusi hazijalegea, msimulizi akashusha pumzi na kutuaga: sehemu ya saba itatoka Ijumaa.

Unadhani alilaumiwa msimulizi? "Mwalimu, unaanzishaje hadithi ambayo haijaisha?" Mama akataka marejesho, na daftari analo. Mzee wa Mamba akasema kwa mila za kweli, si zile za kwenye kitabu changu, nilipaswa kuwajia na jani la sale kuomba msamaha. Nilishuka kituo kimoja kabla ya kwangu.

Sasa nawageukia wachapishaji, kwa kuwa kwenye gari sisikilizwi tena. Hadithi zenye mwisho mnazo. Mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, wa Mohamed Said Abdulla, yupo tangu Mzimu wa Watu wa Kale kilipochapishwa mwaka 1960. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa wameshapambana na maadui wa kutosha kutufikisha Rombo na kuturudisha. Studio si jambo la kuagiza ng'ambo. Hapa hapa Moshi tuna Redio Sauti ya Injili, na watu wenye sauti za kusoma wamejaa kwenye kila kwaya ya mlima huu. Tena sisi wa Hiace si wa kwanza kwenye foleni. Mjini kuna Shule ya Msingi Mwereni, inayosomesha watoto wasioona pamoja na wanaoona. Kwa mtoto asiyeona, kitabu cha kusikiliza si mambo ya kupitisha muda safarini.

Basi kaeni na waandishi, na kwa waliofariki kaeni na familia zao, muwalipe haki yao, mrekodi. Tunataka kitabu kizima hadi ukurasa wa mwisho, kinachokaa kwenye simu bila kula bando, kwa bei isiyozidi nauli ya Marangu na Moshi kwenda na kurudi. Na mkifika kwa Marealle, kirekodini kwa moyo mmoja, ila mimi msiniuzie.