Barua ya Wazi kwa Wenye Mkasi wa Langoni

Kwa Mwalimu Mkuu na Bodi ya Usimamizi,
Shule ya Upili mnayoijua wenyewe.

KUH: OMBI LA KUFUNGULIWA KITUO CHA KUNUNULIA NYWELE

Kwa heshima na taadhima nawaandikia, mimi mzazi na mkulima mdogo wa majani chai hapa Boito. Siku ya kufungua shule binti yangu aliripoti akiwa na godoro, sanduku, risiti ya karo na nywele. Vitatu vya kwanza vilipokelewa vizuri. Nywele zilibaki langoni, juu ya kokoto, zimekatwa na askari wenu kwa mkasi ambao nadhani ulikuwa umetoka kukata ua. Nashukuru kwa kazi ya haraka. Upande wa kushoto alifika ngozini. Wa kulia akachoka, akamwambia aingie.

Sipingi sheria. Nilizitia sahihi mwenyewe, pamoja na kile kipengele kinachotaka nywele za msichana ziwe fupi kabisa, isipokuwa za wale ambao zao ni ndefu na laini kwa maumbile. Hao wafunge nyuma kwa unadhifu. Basi siku ile ile, lango lile lile, akapita msichana mwenye nywele za singa, mkia umefika mgongoni, na askari akamsaidia kubeba sanduku. Simlaumu mtoto wa watu. Nashangaa tu kwamba zake ni za maumbile, na za binti yangu, kumbe, sijui alizishona wapi. Afrika Kusini, enzi za ubaguzi wa rangi, mtu alichomekwa penseli kichwani: ikianguka, huku, ikikwama, kule, na maisha yake yote yakafuata penseli. Nyinyi mmepiga hatua. Mnatumia jicho la askari, penseli mmeziachia mtihani.

Sasa ombi lenyewe. Kila muhula mnavuna nywele za vichwa vingi na kuzitupa shimoni. Ni hasara. Kule Tirumala, India, mahujaji hunyolewa kwa nadhiri yao wenyewe, na hekalu huziuza nywele zile kwa mnada likapata fedha nyingi. Nywele za binadamu kutoka India zinauzwa hadi Nairobi, zikashonwa juu ya vichwa vya watu wazima, wakiwemo walimu wa zamu ambao, kwa heshima zao zote, huzirusha nyuma ya bega wakitusomea sheria ya nywele fupi.

Kwa hiyo naomba pajengwe kibanda cha mabati pale langoni, chenye meza ndefu na mizani ya kuning'iniza, kama vituo vyetu vya majani. Msichana akinyolewa, nywele zake zipimwe mbele yake, karani aandike, apewe risiti. Gredi ya kwanza iwe ile inayovunja kitana. Ndiyo iliyowasumbua zaidi, na bei ifuate usumbufu. Zilizochanganyika na kokoto zikataliwe mezani. Sisi ni wakulima, uchaguzi wa majani tumeuzoea. Lakini karani asikate kilo ya gunia, maana kichwa cha mtoto hakina gunia. Lori lisije usiku wa manane tukiwa tumelala juu ya mzigo. Kila mwezi tupate malipo ya awali, na Oktoba bonasi. Na tafadhali sana, bonasi ya nywele za huku magharibi ya Bonde la Ufa isiwe ndogo kuliko ya Kirinyaga na Murang'a, halafu tukaambiwa ni ubora, ni mnada wa Mombasa, ni dola. Hadithi hiyo tumeisikia kwa majani, hatutaki kuisikia kwa vichwa.

Ratiba pia tushauriane. Chai hupogolewa mara moja kila miaka mitatu au minne, kisha huachwa hadi ichipuke vizuri. Binti yangu hupogolewa kila wiki mbili. Mkulima akiifanyia chai hivyo, afisa wa kilimo atamwita mwendawazimu.

Alipokuja likizo, kogo wake, yaani bibi yake, alimtazama pale mlangoni akauliza ni nani amefariki. Kwetu kichwa cha msichana hakinyolewi bure. Hakuna aliyemjibu. Mtoto alishinda likizo nzima na kofia ya sufu kichwani, hata jikoni karibu na moto. Mnasema ni nidhamu. Mnasema ni chawa, ni muda wa kusoma, ni wavulana. Chawa gani hao wanaochagua nywele za kipilipili na kuziruka za singa? Semeni kweli: mnaona kilichoota kichwani mwake ni uchafu. Mliambiwa hivyo na waliotutawala, mkaamini, na sasa mnalipwa mshahara kuwarithisha watoto wetu. Mwaka 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilifuta sehemu ya nywele za mwigizaji wetu Lupita Nyong'o kwenye picha ya jalada. Wakenya tulighadhibika, na jarida likaomba radhi. Wale walifuta kwa kompyuta. Nyinyi mnafuta kwa mkasi, juu ya kichwa cha mtoto aliye hai, na anayetakiwa kuandika barua ya kuomba radhi ni yeye!

Samahani. Nimepandisha sauti. Turudi kwenye mizani.

Maombi yaliyobaki ni madogo. Askari anunuliwe mkasi wake mwenyewe, ule wa ua urudi kwa ua. Vioo viondolewe bwenini, kwa huruma. Na kwa kuwa Mahakama Kuu, Septemba 2019, kupitia Jaji Chacha Mwita, iliamua kwamba shule moja ya Nairobi ilimkosea msichana Mrastafari kwa kumtoa shuleni kwa ajili ya rasta zake, naomba fomu ya kusajili dini, kwa niaba yetu sisi ambao Mungu alitupa nywele akasahau kutupa madhehebu. Mkitaka ushauri, Kericho si mbali. Ile Gurdwara kubwa iliyojengwa kumkumbuka Baba Puran Singh ni ya Masingasinga, watu ambao imani yao inawakataza kukata nywele, na sijawahi kusikia kwamba zimewazuia kujua hisabati.

Mwisho ni malimbikizo. Mimi nilinyolewa miaka ya tisini, na dada zangu, na mama yetu kabla yetu alinyolewa katika shule ya misheni. Naomba yote yakokotolewe kwa bei ya sasa, pamoja na riba. Mama amezeeka, kwa hiyo yake yatangulie. Malipo yaje kwa M-Pesa. Namba yangu mnayo, ndiyo ile mnayoipigia mkidai karo.

Wenu mtiifu,
Mzazi, Boito.